Kadi Moja kwa Njeru Wawili

Kutoka Voi hadi Nairobi nilisafiri kwa gari la moshi, daraja la tatu, na kutoka Nairobi hadi Embu nilisafiri juu ya vitabu. Ofisi iliyoniajiri ilikuwa na lori lililobeba makasha ya maktaba mpya, na kwa kuwa mbele waliketi dereva na askari mwenye bunduki, mimi karani msaidizi nilipewa nafasi nyuma, baina ya kasha la kilimo na kasha la dini. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, na kwenye kila kizuizi cha barabarani makasha yalifunguliwa. Thika yalifunguliwa na Mzungu kijana aliyesoma majina ya vitabu kwa sauti huku akicheka peke yake. Sagana yalifunguliwa na askari wasiojua kusoma, ambao walivishika vitabu kwa majalada wakavitikisa kama mtu anayetikisa kiatu kuangalia kama kina nge. Mvua ilikuwa imenyesha, magurudumu yalizama kwenye udongo mwekundu, tukalala njiani, tukasukuma, tukalala tena. Kwenye kizuizi cha mwisho kabla ya mji, homgadi mmoja mzee, mlinzi wa kijiji wa upande wa serikali, aliyevaa koti lililomzidi mwili aliniuliza, "Hii nini?" Nikamwambia vitabu. "Ya nini?" Ya kusoma. Akaangalia upande wa vilima, ambako watu walikuwa wamehamishwa wakafungiwa katika vijiji vya mitaro na miti iliyochongoka. "Nani atasoma? Watu wote wako ndani ya mtaro." Kisha akaniuliza kabila langu, nikasema Mtaita. "Basi pita," akasema. "Wewe huna makosa bado."

Nayaandika haya kwa sababu majuzi nilirudi Embu kumzika rafiki yangu Njeru. Tangu mwaka ule nimekaa Isiolo, Moyale, Arusha, Kitale na pengine ambako sikukaa hata msimu mmoja. Nimekuwa karani wa ghala, karani wa mahakama, muuza ngozi, mpiga chapa wa barua za watu. Sijui kukaa. Lakini kila nilikokwenda nilienda na mwaka ule, na ndani ya mwaka ule yumo mtu mmoja ninayemchukia, na chuki hiyo haijapoa. Watu huniambia kwamba muda huponya. Mimi naona muda ni kama makaa chini ya majivu: ukipita juu peku ndipo utajua. Kaburini pale nilipita peku, maana Ezekieli Nthiga naye alikuja, amevaa suti ya kijivu, ameshuka kwenye gari lenye dereva, na mchungaji akampa nafasi ya kusema maneno machache.

Huyo Ezekieli ndiye alikuwa karani mkuu wangu. Maktaba yetu ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye sakafu ya saruji na paa la mabati, mvua ikinyesha hamsikiani. Upande mmoja kulikuwa na rafu, upande wa pili madawati ya wasomaji, ambao wengi walikuja kuota jua dirishani na kusubiri gazeti. Katikati, mahali ambapo kanisani pangekuwa madhabahu, palisimama kabati la katalogi: droo ndogo ndogo za mbao, kila moja na kadi zake zimesimama wima, zimechomwa tundu chini na kupitishwa chuma kirefu ili mtu asizichomoe. Kila kitabu kilikuwa na kadi ya mwandishi, kadi ya jina la kitabu na kadi ya habari zilizomo. Nakiri kabati lile nililipenda. Nilipenda harufu ya mbao, nilipenda sauti ya droo ikirudi mahali pake, nilipenda kwamba mkulima angeweza kuja na neno moja tu, "viazi," akatoka na kitabu. Siuchukii utaratibu hata leo.

Ezekieli alikuwa Mmbeere, mrefu, nywele amezigawa kwa mstari mmoja ulionyooka kama barabara ya serikali. Alikuwa ameenda Nairobi kwa mafunzo akarudi na kitabu cha kanuni, na kitabu kile alikifunga kwa kitambaa kama Biblia. Asubuhi kabla ya kufungua mlango alinihubiria. "Mtaita, itafika siku mtu wa Embu na mtu wa London watafungua droo wakakuta kadi ile ile, imeandikwa vile vile, nukta mahali pa nukta. Unaelewa? Sisi tutakuwa wa kwanza. Wakubwa wanakuja kuangalia katalogi yetu, na wakiipenda itakuwa ndiyo mfano kwa maktaba zote za jimbo." Mimi niliitikia, "Ndiyo, karani mkuu," na ndani yangu pia niliona fahari kidogo. Nilikuwa kijana, na hakuna jambo tamu kwa kijana kama kuambiwa kwamba kazi yake ya leo itahesabiwa kesho.

Nilipanga Majengo, kwa Bwana Salimu mchinjaji, mtu mnene mwenye kofia nyeupe na masihara yasiyokwisha, na mkewe Mama Zuhura. Chumba changu kilitenganishwa na chao kwa ukuta wa udongo uliopasuka, hivyo nilisikia kila kitu: bei ya mbuzi, mikoromo, sala, na habari za nani kachukuliwa. Asubuhi Mama Zuhura alinipa mahamri na chai ya tangawizi, jioni supu ya kongoro na chapati. "Kula, mwanangu," alisema, "hawa wa vitabu hufa wakiwa wembamba." Majengo wakati huo ilikuwa kama kisiwa. Waislamu wa pale, waliotoka kila upande wa bara, hawakuhesabiwa miongoni mwa walioshukiwa, na Bwana Salimu alipenda kusema, "Mimi babu yangu alikuja hapa kubeba mzigo wa Mzungu. Ndiyo maana naruhusiwa kutembea, ili nibebe tena."

Njeru nilimjua kupitia asali. Alikuwa mfuga nyuki wa upande wa Mbeere, mwalimu wa zamani, aliyekuwa na ruhusa ya kuja mjini siku ya soko pamoja na mkewe Rwamba kuuza asali, na kila akija alipitia maktaba kuangalia kitabu chake. Ndiyo, alikuwa na kitabu: kijitabu chembamba cha kufuga nyuki, kilichochapwa na misheni. Kwenye jalada liliandikwa jina Yosefu Njeru. Alikitoa rafuni, akafuta vumbi ambalo halikuwapo, akakirudisha. "Naangalia kama bado anapumua," aliniambia. Alikuwa mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, na vidole vyake vilikuwa vyepesi ajabu. Aliweza kumshika nyuki kwa mbawa akamtoa nje bila kumuumiza. Alinifundisha kula asali pamoja na masega, kuyatafuna mpaka yabaki nta tupu, na Rwamba alinicheka nilipoimeza nta. "Huyu mtu wa pwani anakula mpaka nyumba ya nyuki!" Nikamwambia Taita si pwani. "Kama si hapa ni pwani," akajibu.

Ndani ya yale makasha niliyoyakalia kulikuwa na kijitabu kingine cha Yosefu Njeru. Hiki kilikuwa cha nyimbo, nyimbo za ardhi na za vijana, kilichochapwa Nairobi kabla mambo hayajaharibika. Aliyekiandika alikuwa binamu wa huyu wa nyuki. Katika nchi ile mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa jina la baba wa baba yake, kwa hiyo ndugu wakizaa, kila mmoja anamzaa babu, na ukoo mzima unajaa Njeru. Hakuna anayechanganyikiwa, maana kila mmoja huitwa pamoja na baba yake: wa nyuki alikuwa Njeru wa Nyaga, wa nyimbo alikuwa Njeru wa Ireri. Misheni iliwabatiza siku moja, na siku hiyo wavulana wengi waliondoka wakiwa akina Yosefu. Wachapaji wakaandika majina mawili mawili, la ubatizo na la babu, baba wakamwacha nje. Njeru wa Ireri wakati huo alikuwa ameshaingia msituni kupigana na serikali.

Nilipopiga chapa kadi zao niliandika kila mmoja na baba yake. Ezekieli alizisoma, akachukua moja akaichana polepole.

"Hii 'wa' umeitoa wapi?"

"Ni watu wawili, karani mkuu. Huyu wa nyuki unamjua, anakuja hapa."

"Namjua na babu yake namjua. Kwa kanuni, unaandika jina kama lilivyo kwenye ukurasa wa mbele. Ukurasa unasema Yosefu Njeru. Jina moja, kichwa kimoja, vitabu vyote chini yake."

"Na kama ni watu wawili?"

"Unatofautisha kwa mwaka wa kuzaliwa."

Nikacheka, na kicheko hicho hakunisamehe. "Nani hapa anaujua mwaka wake, karani mkuu? Wewe mwenyewe uliuokota wapi?" Kila mtu pale alijua rika lake, alijua walitahiriwa pamoja na nani, njaa gani ilikuwapo mama yake alipombeba. Nikasema tuandike rika, au tuandike baba. Alifungua kitabu cha kanuni, akapita kurasa kwa kidole, akakifunga. "Rika halimo," akasema. "London hawajui rika. Unataka wakubwa waje wakute katalogi ya kienyeji?" Akaniamuru nipige chapa kadi mpya, kichwa kimoja, nyuki na nyimbo chini yake, moja baada ya nyingine. Nilipiga chapa. Baadaye kidogo amri ikaja kwamba kijitabu cha nyimbo kimepigwa marufuku. Tulikitoa rafuni, askari akakichoma nyuma ya choo. Kadi ilibaki. Kwa kanuni, kadi ya kitabu kilichoondolewa haitupwi, inapigwa muhuri tu kuonyesha kwamba kilikuwapo.

Kule kaburini Ezekieli alisimama penye udongo mbichi akamsifu marehemu kuwa mwandishi. Kisha, kama kawaida yake, akageukia habari zake mwenyewe. Alisema kwamba anatoka katika mkutano ng'ambo, kwamba kadi zitakwisha, kwamba sasa kitabu kitaandikwa mara moja tu ndani ya kompyuta, kwa muundo mmoja ulimwenguni kote, na maktaba zote zitanakili, hata kitabu cha marehemu huyu kitajulikana Marekani. Wazee waliobaki na kofia mkononi walitikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na wachimbaji. Nikapaza sauti: "Na hiyo kompyuta, Bwana Nthiga, itajua Njeru wako wawili?" Rwamba, mzee sasa, ameketi kwenye kigoda, alikuwa akitazama chini; akainua macho. Ezekieli alinitafuta kwa macho mpaka akaniona. "Ndugu yetu," alisema, "leo si siku ya mambo hayo." Baadaye, kwenye sufuria za njahi, zile kunde nyeusi, na wali, alinijia na mkono ameunyoosha. Nililishika bakuli langu la mchuzi kwa mikono miwili nikaendelea kunywa.

Siku walipomchukua Njeru mimi sikuwapo. Nilikuwa nimepelekwa Meru na masanduku ya vitabu vya kuazimisha shuleni, kwanza Kianjai, kisha Muthara. Nakumbuka chumba cha mwalimu wa Muthara, baridi yake, ukungu ukiingia kwa mlango, na mukimo wa mahindi na maharagwe uliopondwa na ndizi ambao mkewe alininyima nafasi ya kukataa. Dereva aliyetoka Embu aliingia akipangusa miguu, akapewa chai, akasema hivi hivi, kama anayesimulia bei ya mafuta, "Na rafiki yako wa asali, wamemshika. Ati yeye ndiye alitunga zile nyimbo." Nikauliza nani kasema. "Hakuna aliyesema. Wachunguzi walikuja maktaba na orodha ya vitabu vya marufuku, wakamwuliza karani mkuu mwandishi ni nani. Akawavutia droo." Mwalimu aliweka kijiko chini. "Lakini yule wa nyimbo yuko msituni, kila mtu anajua." Dereva akanywa chai. "Kila mtu, ndiyo. Lakini droo haijui."

Nilirudi Embu nikiwa na mpango mmoja tu, na ulikuwa rahisi. Ezekieli angekwenda kwa Bwana Shauri, yaani Mzungu mkuu wa wilaya, aseme neno moja: ni watu wawili. Yeye alikuwa mtu wao, neno lake lingetosha. Langu lisingetosha, maana mimi nilikuwa mgeni, na la Rwamba halikusikizwa kwa sababu alikuwa mke. Mimi na Rwamba tulimkuta Ezekieli akisawazisha kadi kwa rula. Rwamba alikuwa na kikapu chenye chakula cha mumewe ambacho askari walikikataa kila siku. Harufu ya maharagwe ilikijaza chumba.

"Karani," alisema, "wewe ni mwana wa kwetu. Mama yako na mama wa Njeru walichota maji mto mmoja. Nenda useme."

Ezekieli hakumwangalia. Alimjibu kwa Kiswahili, ingawa yeye alimsemesha kwa Kimbeere, maneno aliyokuwa amenieleza njiani. "Mimi sisemi habari za watu. Mimi ni wa vitabu."

"Basi sema habari ya kitabu," nikasema. "Sema kadi ina makosa."

Hapo ndipo uso wake uliponionyesha kila kitu. Haukuwa uso wa mtu anayeogopa kufungwa. Huo ningeuelewa, wote tuliogopa. Aliangalia kabati. Aliangalia zile droo zilizopakwa rangi upya kwa ajili ya wakubwa. "Wiki ijayo wanakuja kuikagua," alisema. "Nikisema kadi moja ina makosa, wataniuliza ni ngapi nyingine zenye makosa. Njeru atachunguzwa, kama ni safi atatoka. Kazi hii haitatengenezwa mara mbili." Rwamba alifunika kikapu chake akatoka, na mlangoni akasema kitu ambacho Ezekieli alikataa kunitafsiria. Nilikwenda mwenyewe kwa Bwana Shauri. Nilisimamishwa barazani tangu asubuhi hadi jua kichwani, kisha karani wake akaniambia kwamba jambo hilo liliulizwa, na karani mkuu wa maktaba amethibitisha kwamba katalogi ni sahihi. Siku hiyo hiyo lori la wafungwa lilimpeleka Njeru kambini.

Jioni Bwana Salimu alinikuta sijagusa supu. "Mtaita, unataka kumpiga? Usimpige. Ukimpiga mtu mrefu anainama tu, kisha anasimama." Mama Zuhura akasema kupitia ukuta, "Mwache mtoto, baba Zuhura." Lakini yeye aliendelea, aking'oa uzi wa nyama kwenye meno. "Mtu hupigwa penye kile anachokipenda."

Siku ya wakubwa kuja ilikuwa siku ya soko. Ufunguo wa maktaba ulikuwa kwangu, maana kazi ya kufagia ilikuwa yangu. Niliingia kukipambazuka, nikavuta vyuma vyote kutoka katika droo, na kadi zikatoka laini kama sukari. Nilizijaza kwenye magunia ya Bwana Salimu. Kadi ya Njeru niliitoa peke yake nikaiweka mfukoni. Kisha nikaenda sokoni, kwa wanawake wa ugoro, wa pilipili, wa mbegu, wa chumvi. Siku zile karatasi ilikuwa adimu, na kadi ngumu ikikunjwa pembe hushika ugoro bila kumwaga hata chembe. "Hii ni bure?" "Bure, mama." "Serikali imepata wazimu?" "Imepata, mama, chukua." Walizipokezana mkono kwa mkono, walibariki ukoo wangu, walinifukuza nilete nyingine. Jua lilipotoka vizuri, katalogi ya mfano ya jimbo ilikuwa inapimiwa ugoro kutoka mwisho wa soko hadi mwisho. Rwamba alikuwa mahali pake na vibuyu vya asali. Nilimpa kadi ya mfukoni nikamwambia imeandikwa nini. Aliiweka chini ya goti lake, juu ya mkeka.

Nilikuwa nimepatana na lori la vitunguu lililokuwa likipitia Meru kwenda Isiolo. Nilipanda juu ya magunia na sanduku langu, hatua chache tu kutoka kwa Rwamba, nikasubiri dereva anywe chai. Hapo ndipo Ezekieli alipotokea, bila koti, ule mstari wa nywele umevurugika. Alikuwa mzee wa kanisa, aliyekuwa akihubiri Jumapili dhidi ya ugoro, na sasa alikuwa anaununua. Anamwaga ugoro chini, anaikunjua kadi, anaipangusa kwenye suruali, anakimbilia mama mwingine. Wanawake walielewa upesi. "Karani, leo pua inakuwasha!" "Karani, yangu ina pilipili, karibu!" Bei ilipanda kila alipopiga hatua. Nyuma, penye mlango wa maktaba, Wazungu wawili walisimama na kofia zao, wakitazama.

Alifika kwa Rwamba akaona ukingo wa kadi chini ya goti. Akapiga magoti, akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo."

Rwamba hakusogea. "Ni ya nani?"

"Ya Njeru."

"Njeru yupi?"

Soko lilikuwa limeanza kunyamaza, kutoka karibu kwenda mbali. Dereva wangu alirudi, akawasha injini, na mimi nilipiga paa la lori kwa ngumi kumwambia asubiri.

"Rwamba, tafadhali. Wakubwa wananingoja."

"Nimekuuliza Njeru yupi. Mimi najua wawili."

Akasema kitu kwa sauti ya chini. Rwamba akaweka kiganja nyuma ya sikio, kama kikongwe. "Wanawake wa chumvi hawakusikia."

"Njeru wa Nyaga!" akapiga kelele, na sauti yake ikapasuka. "Wa Nyaga na wa Ireri! Ni wawili! Haya, nipe!"

Rwamba alichukua kadi, akaichovya ndani ya kibuyu mpaka ikazama yote, akaitoa ikitiririka, akamwekea kiganjani. Nyuki wa sokoni walishaanza kumzunguka. Najua maneno yale hayakumfungua Njeru. Alirudi baada ya miaka, na vidole visivyokunjika, na hakuwahi tena kumshika nyuki. Ndiyo maana sikuupokea mkono ule kaburini. Lakini wakati lori linaondoka nilimwona Ezekieli bado amepiga magoti, mkono mmoja ameunyoosha mbele asijue aufutie wapi, akitazamwa na watu wote wa nchi yake, na kosa langu pekee siku ile ni kwamba nilikubali dereva aondoke kabla sijatosheka.